Nina kigugumizi na nimepangiwa kuongea kwenye sendofu ya mdogo wangu, nifanyeje?

Swali lenyewe nimelifupisha: "Shikamoo dokta. Ni kijana wa miaka 27, naishi Dar, nina kigugumizi toka mdogo. Nafanya kazi stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Bosi alitaka kunihamishia kaunta, nikamwambia mi napenda stoo, wakati sio kweli. Kwenye daladala nikishindwa kusema shusha napitilizwa kituo, narudi kwa miguu. Sasa mdogo wangu wa kike anaolewa, sendofu imebaki miezi miwili, baba alishafariki na baba mdogo kasema mimi ndo nitaongea kwa niaba ya familia, watu kama mia mbili. Nafikiria siku hiyo niseme naumwa. La kusema ninalo ila naogopa watu watanionaje. Nisaidie dawa, au hata mbinu ya kukificha siku hiyo moja tu."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa bibi harusi.

Nianze na hilo la mwisho uliloomba maana ndo nitakalokukatalia. Mbinu ya kukificha sikupi, na sikunyimi kwa roho mbaya. Mbinu za kuficha unazo nyingi kunizidi. Unajua kubadilisha neno likiwa bado liko kooni, unaona hilo la "k" linakuja unalikwepa unaweka lingine, unajua kujikohoza, kujifanya umesahau, kuchomeka yaani na sijui nini mpaka sehemu ngumu ipite, kumwachia mwenzio akumalizie sentensi. Hayo yote ulijifunza mwenyewe toka shule ya msingi bila mwalimu, na ndo yamekuweka stoo kwenye kazi usiyoitaka. Kama kuficha kungekuwa kunatibu saivi ungekuwa mtangazaji wa mpira.

Kwenye hii kazi ya tiba ya usemi nimekutana na watu waliojificha kwa namna ambazo mtu asiye na kigugumizi hawezi hata kuzifikiria. Kuna mtu Ijumaa anaingia kwa mama ntilie, pilau iko mbele yake inanukia, anaitaka kweli, halafu anaagiza ugali, kwasababu ile "p" ya pilau inamkaba na ugali unatoka. Kuna wanaojitaja jina la uongo dirishani, maana neno lolote unaweza kulikwepa ila jina lako halina mbadala, ndo maana wenye kigugumizi wengi sana wanakwama kwenye jina lao kuliko neno lingine lolote. Kuna wanaorekodi voisi ya WhatsApp wanafuta, wanarekodi wanafuta, mwishowe wanaandika meseji. Na darasani nadhani unakumbuka, mwalimu akisema tusome kwa zamu kila mtu aya moja, we husikilizi hadithi, unahesabu vichwa mpaka ufike kwako uone aya yako imeanza na herufi gani, ukiiona mbaya unaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Kwahiyo tunaposema kigugumizi tunaongelea vitu viwili. Mfikirie kiboko akiwa ziwani, juu unaona masikio, macho na pua, mwili wote uko chini. Kule kukwama kwako, mdomo kubana sekunde mbili tatu, ndo masikio ya kiboko. Chini ya maji kuna hofu, kuna aibu, kuna kuamka asubuhi unapanga leo utaongea na nani na utamkwepa nani, kuna kazi ulizokataa na binti uliyemwacha apite bila kumsalimia. Watu wengi wanakuja kwangu wakitaka niyakate masikio tu, na mimi nawaambia tuanze na mwili.

Kuhusu masikio yenyewe nikwambie machache yaliyo na uhakika ili uache kujilaumu. Karibu asilimia 1 ya watu wazima duniani wana kigugumizi. Watoto wanaokipitia ni wengi zaidi, kama asilimia 5, kwa kawaida kinaanza kwenye miaka 2 hadi 5 na wengi wao kinaisha chenyewe. Ukubwani wanaume wenye nacho ni kama wanne kwa kila mwanamke mmoja. Kinatembea kwenye ukoo, na mwaka 2010 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walitangaza vinasaba vitatu vinavyohusika nacho kwa baadhi ya watu. Picha za ubongo nazo zinaonyesha kwamba upande wa kushoto, zile njia zinazohusika na kuongea, kwa wenye kigugumizi zimejengeka tofauti kidogo. Hukukipata kwa kumuiga mtu, hukulaaniwa, na akili yako haina kasoro. Ulimi wako ni mzima kabisa, ndo maana ukiimba kaswida au kwaya hukwami, mkisoma kitu kwa pamoja hukwami, na ukiongea peke yako chumbani mara nyingi unateleza tu kama mtu mwingine.

Sasa woga unaingia wapi. Woga haujakileta ila unakilisha. Ukihofia kukwama unabana koo na midomo ili usikwame, ukibana ndo unakwama vibaya zaidi, ukikwama vibaya kesho hofu inakuwa imeongezeka, na mzunguko unaendelea hivo miaka ishirini. Vile unavyofumba macho au kupiga paja au kutingisha kichwa ili neno litoke, hiyo nayo ilianza kama msaada, ikasaidia siku chache, af ikabaki kama mazoea na neno bado halitoki.

Kuna jaribio moja huwa napenda kuwaeleza watu japo linaumiza. Mwaka 1939 huko Iowa, Marekani, mwanasaikolojia Wendell Johnson, ambae mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alimsimamia mwanafunzi wake Mary Tudor kwenye jaribio la watoto yatima 22. Kati yao lilikuwepo kundi la watoto wanaoongea vizuri tu, hao wakawa wanaambiwa wameanza dalili za kigugumizi, wajizuie, wasiongee kama hawawezi kuongea sawasawa. Kigugumizi hawakukipata. Walichopata ni aibu, wakawa wazito kuongea, wanajibu kwa neno mojamoja, darasani wanyonge. Chuo Kikuu cha Iowa kilikuja kuomba radhi mwaka 2001. Ninachotaka ukione hapo ni kwamba watoto wasio na tatizo lolote walifungwa midomo kwa maneno ya watu wazima ndani ya miezi michache, sasa we ambae kweli unakwama na umeambiwa "ongea basi" na "tulia kwanza" na "huyu naye" toka darasa la kwanza, woga ulionao una sababu. Ni woga uliofundishwa, na kitu kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya.

Watu watanionaje. Sitakudanganya kwamba hakuna anaekuangalia, kila mtu yuko bize na yake na kadhalika. Mtu akikwama mbele ya maiki watu mia mbili wanaona. Wapo watakaocheka, hasa vijana waliokwisha kunywa. Wapo watakaoangalia chini au kushika simu, na hao wengi hawakudharau, hawajui tu wafanye nini na macho yao. Na wapo, tena wengi kuliko unavyodhani, watakaosubiri tu neno lifike. Ila kuna jambo hujaliona, na kwangu ndo zito kuliko yote, kwamba kwa kujificha hujakwepa kuhukumiwa. Unahukumiwa kila siku, ila kwa kosa lisilo lako. Nikuulize, yule mzee wa jirani ambae asubuhi unampita kimya, au unavuka barabara usikutane nae, kwasababu ile "sh" ya shikamoo haitoki, unadhani anasema huyu kijana ana kigugumizi? Anasema huyu kijana ana kiburi, hana adabu, hakulelewa. Bosi wako anaamini we ni mtu wa stoo usiye na ndoto. Binti yule anaamini unaringa. Na ukisema unaumwa siku ya sendofu, ukoo mzima utaongea kwamba kaka mtu hakutaka kumsindikiza mdogo wake, na bibi harusi ataibeba hiyo kwenye ndoa yake. Umeogopa waseme ana kigugumizi, ambalo ni kweli na halina aibu, ukawaachia waseme hana heshima, ambalo ni uongo na linauma.

Waislamu na Wakristo wote tunamjua Nabii Musa. Maandiko ya pande zote mbili yanasema ulimi wake ulikuwa mzito na kwamba aliogopa kwenda kwa Farao kwa sababu hiyo. Dua yake ya kuomba afunguliwe fundo la ulimi mpaka leo watu wanaisoma kabla ya mtihani au hotuba. Akapewa ndugu yake Haruni wa kumsaidia, lakini kwenda alienda, hakubaki nyuma akamtuma Haruni peke yake. Mtu wa kukusaidia siku hiyo nitakwambia umtafute, ila kwenda unaenda.

Miezi miwili inatosha kwa kazi tunayoitaka. Kazi yenyewe sio kuondoa kigugumizi, hiyo kwa miezi miwili hakuna mtaalamu mkweli atakuahidi. Kazi ni wewe kuzoea kukwama mbele za watu bila kukimbia.

Anza na daladala. Wiki hii ukifika kituo chako sema shusha hata kama itachukua muda, likikaba likabe, gari likipita mita hamsini litapita, lakini usiache neno likiwa nusu, limalize hata kama konda ameshaelewa na dereva ameshasimama. Kumalizia neno ulilolianza ndo zoezi zima, mana ukiliacha njiani unauambia ubongo kwamba hatari ilikuwepo na umeikimbia. Halafu mzee wa jirani, mpe shikamoo yake kila asubuhi, ikwame, umwangalie usoni, imalizike. Kwa mama ntilie agiza unachotaka kula. Voisi irekodi mara moja na uitume ilivyo, imekwama haijakwama itume.

Ukishapata nguvu kidogo kuna zoezi ambalo wengi nikiwaambia wananiona nimechanganyikiwa, kukwama kwa makusudi. Ingia duka ambalo hawakujui, uliza bei ya sabuni, na kwenye neno la kwanza jikwamishe mwenyewe, s-s-sabuni shingapi, taratibu, bila kukunja uso, huku unamwangalia muuzaji. Zoezi hili wataalamu wamelitumia miaka mingi na linafanya kazi kwa sababu rahisi, kile kitu ulichokuwa unakimbia sasa we ndo unakileta kwa mkono wako, unakianza ukitaka na unakimaliza ukitaka. Mara za kwanza moyo utakwenda mbio na mikono itatoka jasho. Utaona muuzaji anakwambia bei, anachukua hela, anakurudishia chenji, basi. Fanya kwenye maduka mengi, usifanye kwenye moja ukasema nimemaliza.

Neno likikaba lenyewe, lile la kweli, usilisukume kwa nguvu. Baki hapohapo kwenye ile herufi, ilegeze, punguza kubana midomo taratibu mpaka sauti ianze kutoka, uteleze nayo. Ukiwa umeshatoka kwa shida, simama kidogo, lirudie lile neno kwa ulaini, uendelee. Hii ya kulegeza ndani ya kukwama na kurudia baada ya kukwama ilienezwa na Charles Van Riper, Mmarekani ambae nae alikuwa na kigugumizi kikali na ujanani aliwahi kujifanya kiziwi na bubu ili tu asiongee na watu, baadae akaja kuwa mmoja wa walimu wakubwa wa fani hii. Ni vitu vya kufanyia mazoezi nyumbani kwanza dakika chache kila siku, usivisubirie ukumbini.

Lingine ni kusema mapema. Mtu mpya ukikutana nae mwambie "nina kigugumizi, kwahiyo nikikwama nisubiri tu". Usianze na samahani. Tafiti zimeonyesha kwamba msikilizaji akiambiwa mapema, tena bila kuombwa radhi, anamwona mwongeaji vizuri zaidi kuliko asipoambiwa, na mwongeaji nae anapumua kwasababu siri imeshaisha, hana cha kulinda tena. Huwezi kuumbuliwa kwa kitu ulichokitangaza mwenyewe.

Sasa sendofu. Andika ya kuongea dakika mbili, sio kumi. Shukrani kwa waliokuja, neno kumhusu mdogo wako, kumkumbuka baba, neno kwa wakwe, umemaliza. Na uandike maneno unayotaka kusema, usichague yanayotoka kirahisi, jina la mdogo wako kama linakukaba lisemwe hivohivo, nani kasema jina la bibi harusi lazima litoke haraka? Msomee mama peke yake kwanza, af mama na wadogo zako, af waite marafiki watano waje kula kwako uwasomee kwa sauti umesimama. Usikariri neno kwa neno, shika karatasi.

Wiki ya sendofu ongea na MC, mwambie una kigugumizi, mwambie ukikwama asirukie kukumalizia, asiweke muziki, asifanye utani, akae kimya tu. MC mzuri atakuelewa, na usipomwambia atadhani anakuokoa kumbe anakuzamisha. Baba mdogo nae mwambie hivohivo, mana hao wazee ndo wenye kupaza sauti "taratibu mwanangu, vuta pumzi" kutoka meza ya mbele. Halafu huyo Haruni wako, chagua mtu mmoja unaemwamini, akae mahali utakapomwona, kazi yake ni kukuangalia tu kwa uso wa kawaida. Na usinywe chochote cha kukupa ujasiri kabla ya kushika maiki, watu wengi wanajaribu hiyo, pombe inakuondolea akili ya kulegeza koo na kukwama kunabaki palepale.

Ukisimama, usianze kuongea kabla hujafika na kutulia. Shika maiki, waangalie, ndo uanze, kwa mfano, "Habari za jioni. Mimi ni kaka yake bibi harusi. Nina kigugumizi, kuna maneno yatachelewa kidogo kufika, msiwe na haraka na mimi, leo ni siku yetu." Hapo kicheko kama kilikuwepo kinageuka kuwa makofi mara nyingi sana, nimeona. Na kama kuna mpuuzi mmoja atacheka bado, usimtafute kwa macho, malizia neno ulilokuwa nalo, mwangalie Haruni wako, endelea. Utakwama. Pengine kwenye jina la baba utakwama kuliko sehemu zote na machozi yatakuja juu yake, likabe tu, watu watasubiri, hata wasio na kigugumizi hapo huwa wanakwama.

Dawa uliyouliza, haipo. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa ajili ya kigugumizi, na kukatwa kile kiuzi cha chini ya ulimi hakukitibu, na anaekuuzia mizizi ya siku tatu anataka hela yako. Kinachosaidia ni kazi na mtaalamu wa usemi, ulizia kwenye idara ya masikio, pua na koo ya hospitali kubwa ya rufaa, na siku hizi wapo wanaofanya kwa video. Hiyo ni kwa chako cha toka utotoni. Anaesoma hapa akiwa hakuwahi kuwa nacho halafu kimeanza ghafla ukubwani, hasa baada ya kuumia kichwa au mwili kufa ganzi upande mmoja, aende hospitali leo, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Na bosi wako umwendee kabla ya sendofu, sio baada. Mwambie ukweli kwamba kaunta uliitaka na ulikataa kwa ajili ya kigugumizi, na kama nafasi bado ipo uombe kuanza na yale masaa ambayo wateja ni wachache, fundi anakuja anataka misumari ya nchi 3 kilo mbili, unamtajia bei, inakwama, inatoka, anachukua misumari yake. Kama nafasi imeshachukuliwa, omba ukabidhiwe kupiga simu kwa wanaowaletea mzigo. Simu ndo ngumu kuliko zote mana wa upande wa pili hakuoni na ukikaa kimya anadhani mtandao umekata anakata, kwahiyo akipokea tu mwambie kwanza una kigugumizi asikate, ndo umwagize simenti.